Mrithi Aliyetoka Lindi

Mwaka 2013 Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam ilikuwa vumbi tupu. Ujenzi wa njia ya mabasi yaendayo haraka ulikuwa umepamba moto, na pale Manzese vibaraza vya maduka vilikuwa vimebomolewa, nyumba nyingine zimebaki na vyumba vya nyuma tu. Wenye nyumba waliishi kwa hofu ya X nyekundu ukutani, alama ya nyumba ya kubomolewa. Sisi tuliokuwa tunatafuta nyumba za kununua tulianza kuhesabu pale X zilipoishia: nyumba ya ngapi itasalimika, kichochoro kipi watakipita watu wakishuka kituoni.

Wakati huo nilikuwa na fedha za pagale la Goba. Nililinunua likiwa kuta tupu, kichaka kimeota sebuleni, nikaezeka, nikapiga lipu, nikaweka madirisha na kuliuza. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu tangu nilipoacha biashara ya vitenge Kariakoo, na niliipenda kwa moyo wote. Ila pagale ukishaliuza, mwezi unaofuata huna kitu, unaanza upya kuzunguka na madalali. Nilitaka nyumba ya kupangisha, nyumba itakayonilipa hata siku nikilala na homa.

Dalali alinipeleka Manzese, kichochoro cha pili kutoka barabarani. Nyumba ya Kiswahili ya kawaida: vyumba sita, vitatu kila upande, ukumbi katikati, ua nyuma wenye choo, bafu na jiko la kuni lililogeuzwa stoo. Mwenyewe alikuwa amefariki. Mjane wake, bibi mwenye umri mkubwa lakini mkavu wa mwili na mwepesi wa macho, alikaa chumba cha mbele mkono wa kulia. Vyumba vingine vitano walikaa wapangaji. Chumba kilikuwa shilingi 40,000 kwa mwezi, kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na umeme wote ulipita kwenye LUKU moja, mita ya umeme wa kulipia kabla, iliyokuwa chanzo cha ugomvi wa kila wiki, kwa sababu mpangaji mmoja alikuwa na friji na wengine walikuwa na taa tu.

Niliingia na fundi wangu. Yeye hutangulia kuangalia juu, mimi chini. Bati zilikuwa zimeliwa na kutu, boriti mbili zimeshambuliwa na mchwa hadi ukizigonga zinatoa sauti ya uwazi. Chini, kuta zilikuwa zinamwaga unga futi mbili kutoka sakafuni; tofali za zamani zile, mchanga wake ulikuwa na chumvi, na lipu mpya ukiipaka juu yake bila kukwangua inabanduka kabla ya masika mawili. Msingi ulikuwa mzima. Shimo la choo lilikuwa limejaa, lakini gari la majitaka liliweza kufika kwa mpira kutoka njia kubwa, na hilo kwa Manzese ni jambo la kushukuru. Fundi alipiga hesabu yake na mimi yangu, tukafikia milioni 11 za ukarabati.

Bei waliyotaja watoto wa marehemu ilikuwa milioni 42. Ukiichukua nyumba ile kama ilivyo, vyumba sita kwa 40,000 ni 240,000 kwa mwezi, yaani milioni 2.88 kwa mwaka. Ingechukua zaidi ya miaka 14 kurudisha bei ya kununulia tu, bado hujaziba tundu hata moja. Ndiyo maana sikuwahi kugusa mkopo wa benki kwa nyumba za aina hii. Riba ingemeza kodi yote na kudai nyongeza. Faida ilikuwa kwenye uso wa nyumba. Vyumba viwili vya mbele vikivunjwa kuta na kuwekewa milango ya geti vinakuwa fremu za biashara, 120,000 kila moja. Vinne vya nyuma, vikiwekewa dari, vigae na mita ndogo ya umeme kila kimoja, vinafika 60,000. Jumla 480,000 kwa mwezi, mara mbili ya ile ya zamani. Kwa milioni 42 na ukarabati juu yake, ningerudisha fedha yangu kwa miaka tisa na miezi kadhaa. Kiwango changu cha mwisho, ambacho sikumwambia mtu isipokuwa fundi, kilikuwa milioni 50.

Nyumba za urithi huwa na bei ya chini, na kila anayefanya kazi hii analijua hilo. Warithi wanataka kugawana na kuachana. Mmoja anadaiwa, mwingine ana mtoto wa kupeleka chuo, na hakuna anayetaka kutoa fedha yake kuweka bati kwenye nyumba ya wote. Dalali naye anasukuma: “Mama, kuna mteja wa Tabata anakuja kesho na fedha mkononi.” Mteja wa Tabata yupo kila mahali. Mimi nilimwambia dalali ampokee vizuri, halafu nikaomba karatasi.

Karatasi zilikuwepo. Leseni ya makazi, jina la marehemu. Barua ya Mahakama ya Mwanzo ikimtambua mtoto mkubwa wa kiume kuwa msimamizi wa mirathi. Muhtasari wa kikao cha ukoo wenye majina ya warithi: mjane, watoto wa kiume wawili, watoto wa kike wawili. Nilizisoma nimeketi kwenye kigoda pale ukumbini, fundi akiwa bado juu ya ngazi, na bibi yuko kwenye mkeka anachambua mchele. Ndipo akauliza, bila kumtazama mtu, “Na yule wa Lindi mmeshampigia?”

Msimamizi alisema, “Mama, hayo tutayaongea.”

Nikamgeukia bibi. “Shikamoo tena, mama. Wa Lindi ni nani?”

“Marahaba, mwanangu. Ni binti wa marehemu kwa mke wake wa kwanza. Mama yake alipokufa aliletwa hapa, nikamlea mimi mpaka nikamwoza.”

Kaka mkubwa alinieleza kwa upole, kama mtu aliyeshakieleza kitu hicho mara nyingi. Dada yao aliolewa kwao kusini siku nyingi, ana maisha yake, hajawahi kuchangia hata bati moja la nyumba ile. Hakuwa mtu mbaya yule kaka. Alikuwa amemuuguza baba yake na kulipia dawa. Lakini nilimwambia pale pale kwamba sitoi shilingi mpaka dada yake aje.

Nieleze kwa nini. Sababu ya kwanza ni ya kisheria na kila mnunuzi anapaswa kuijali: mrithi aliyefichwa anaweza kwenda mahakamani, na wewe uliyeshaweka vigae unabaki unazungushwa na kesi miaka na miaka. Sababu ya pili ndiyo iliyonishika zaidi. Kwetu Tanga nyumba ya babu iliuzwa shangazi zangu wakiwa shamba, wakaja kukuta watu wengine wanaanika nguo uani. Shangazi yangu mmoja alisimama nje ya nyumba ile na mtungi wake kichwani, akageuka akarudi. Nafuu ya bei inayotoka kwenye jasho la mtu ambaye hakuulizwa sikuitaka mkononi mwangu, na siitaki hadi leo.

Dalali alikasirika. Alinyamaza siku kadhaa, simu yangu hapokei. Bibi ndiye aliyekuwa na namba ya Lindi, imeandikwa kwa kalamu ya risasi nyuma ya kadi ya kliniki, nami nikaipiga mbele yake na kumpa simu aongee mwenyewe.

Dada wa Lindi alikuja na basi la mchana. Nilitegemea mtu wa kulia na kulalamika. Alikuwa mama wa makamo, kanga mbili mpya, muuza korosho na dagaa, na kabla hajaingia ndani alikuwa ameshakizunguka kichochoro kizima kusalimia majirani wa utotoni mwake. Aliingia, akamshika bibi miguu, akalia kidogo, akafuta uso. Kisha akakaa mkekani na kusema, “Nyumba ya nyuma yetu, isiyo na uso wa njia, imeuzwa milioni 45 mwezi uliopita. Yetu iko mbele yake. Nani kasema 42?”

Hakuna aliyejibu. Alinigeukia mimi. “Dada, wewe uliyeniita nakushukuru. Lakini sitakuuzia kwa 42 kwa sababu umeniita.”

Nikamwambia aseme ya kwake. Akasema 50. Nikasema 45, akasema nyumba ya nyuma haina fremu. Alikuwa amekwishaziona fremu zangu kichwani mwangu. Tukakutana kwenye 48.

Kaka mkubwa alinuna, maana alidhani sasa fungu lake litapungua. Hapo dada akaomba kalamu na karatasi. Ni familia ya Kiislamu, walikuwa wameshakubaliana kugawa kwa sheria ya dini, na hesabu aliipiga kwa sauti ili kila mtu asikie. Marehemu ameacha watoto, kwa hiyo mjane anapata thumuni: milioni 48 gawa kwa 8, milioni 6. Zinabaki 42. Wanaume wawili mafungu mawili mawili, wanawake watatu fungu moja moja, jumla mafungu saba. Milioni 6 kila fungu. Kaka 12, kaka 12, dada 6, dada 6, dada 6.

Kisha akapiga ile ya kwao, ya 42 bila yeye. Thumuni milioni 5 na laki mbili na nusu. Iliyobaki kwa mafungu sita: kila dada milioni 6 na 125,000, kila kaka milioni 12 na laki mbili na nusu. Akaweka kalamu chini. Kaka zake walikuwa wanapoteza 250,000 kila mmoja, dada zake 125,000, na mama yao aliyewazaa wao, si yeye, alikuwa anaongezewa 750,000. Mdogo wa kiume aliichukua karatasi akaisoma mwenyewe mara mbili, akampa kaka yake. Yule kaka alikaa kimya, halafu akasema, “Dada, tusamehe.” Naye akajibu, “Mpeni mama maji anywe, koo limemkauka.”

Kwangu mimi zile milioni 6 zilikuwa zaidi kidogo ya kodi mpya ya mwaka mzima, na nilijua nitaisubiri fedha yangu miaka kumi na miezi badala ya tisa. Nililala usingizi mzuri.

Mambo ya ofisini sitayaeleza marefu. Msimamizi alirudi Mahakama ya Mwanzo na muhtasari mpya wenye jina la dada yake. Wakili aliandika mkataba wa mauziano, kila mrithi akaweka sahihi, picha na dole gumba, mjumbe na majirani wawili wakashuhudia. Niliomba kitu kimoja kiingizwe ndani ya mkataba: kila mrithi alipwe kwenye akaunti yake mwenyewe, fedha isipite mkononi mwa mwingine. Wawili hawakuwa na akaunti, bibi na binti mdogo, tukaenda nao benki siku hiyo hiyo kufungua. Nawaambia wote wanaonunua nyumba za mirathi wasione haya kudai hivyo, hata kama msimamizi ni mtu mwema.

Bibi alihamia kwa binti yake mdogo Chanika baada ya Idi. Wapangaji niliwaacha wamalize kodi yao waliyokwisha kulipa. Nilipokea nyumba pamoja na ahadi zake. Tulianza na paa, tukakwangua kuta hadi kwenye tofali, tukaweka msumari wa kwanza wa fremu wakati mvua za vuli zikipungua. Wawili kati ya wapangaji wa zamani walirudi kwenye vyumba vipya na kukubali 60,000, kwa sharti kwamba kila mtu awe na mita yake.

Chumba cha mwisho mkono wa kushoto kilichukuliwa kwa simu kutoka Lindi. Dada alikuwa na kijana wake aliyepata nafasi ya kusoma chuo Dar es Salaam. Aliniuliza bei, nikamtajia 60,000 kama wengine, akaniomba 50,000, nikakataa, akaniomba 55,000, nikakataa tena, akacheka. Alituma 360,000, kodi ya miezi sita, kutoka kwenye fungu lake, na kijana alipofika na godoro na ndoo mbili alinikabidhi ujumbe wa mama yake: apewe risiti, iandikwe jina la mama, na kwenye sehemu ya anwani iwekwe namba ya nyumba ile ya marehemu baba wa huyo mama. Nikaiandika hivyo hivyo, nikatia sahihi na tarehe.