Siku mwalimu alipotufundisha entangle kwa kinyozi

Ilikuwa Julai 2020, ile wiki Jada Pinkett Smith alikaa na mumewe, yule muigizaji Will Smith, kwenye kipindi chake cha Red Table Talk wakaongelea habari za yule mwimbaji August Alsina aliyesema alitoka kimapenzi na Jada, bi mkubwa akasema yeye na August walikuwa kwenye "entanglement". Mimi niko kwa kinyozi Ngamiani, Tanga, kichwa nusu kimeshanyolewa, na kuna jamaa wa bodaboda anaizungusha ile klipu, kila anayeingia hata hajanawa mikono kwenye ndoo ya korona lazima aonyeshwe. Halafu kila mtu na tafsiri yake, huyu anasema ni mchepuko, yule anasema ni ndoa ya mkeka, vurugu tupu.

Kwenye benchi alikuwepo mwalimu mstaafu wa kingereza, tulimpa shikamoo yake akarudi kwenye gazeti, nikajua hasikilizi. Kumbe! Akalikunja, akasogea ukutani kwenye msumari wenye nyaya za mashine, chaja na redio, zimesokotana hujui ipi inaenda wapi.

"Wanangu, nani kazifunga hizi?"

"Hakuna mwalimu, zimejisokota zenyewe," kinyozi akajibu.

"Haya, hiyo ndo entangle."

Mashine ikazimwa kabisa. Akasema samaki anakuwa entangled in wavu, mtu entangled in skendo au entangled with mtu mwenzie, na mara nyingi utalikuta kwenye kutendwa, aliyenasa anaonekana ila aliyemnasa hatajwi. Tena sio mapenzi tu, Jefferson alipoapishwa urais Marekani mwaka 1801 alisema hataki "entangling alliances", yaani urafiki wa mataifa unaokuburuza kwenye ugomvi usiokuhusu. Na ukikaa ukazichambua nyaya zikaachana, hapo ume-disentangle.

"Sasa huyu mama ni kama mtoto anayekwambia kikombe kimevunjika. Umemsikia akisema nimekivunja?"

Bodaboda akadakia, "Kwahiyo mwalimu, kiswahili chake ni 'nilijikuta tu'!"

Mzee alicheka mpaka miwani ikamshuka puani. Kwangu mimi hakuna kamusi itakayompiku yule bodaboda, maana hata Will pale mezani alimbana mkewe aseme ni "relationship", na akakubali.

Upande wangu wa pili wa kichwa ulikuja kunyolewa baadaye sana, na pale kijiweni tangu siku hiyo ukimdai mtu hela yako anakuangalia usoni anakwambia kaka, nilijikuta.