Nauli ya kurudi

Juzi mtoto wa dada yangu kaniletea simu nisome tangazo: mwenye boti ya tanga anatafuta mtu wa kuvuka naye bahari, mshahara hakuna, chakula mnachangia. "Mjomba, huu si utapeli?" Nikacheka. Mwaka 2024 mama hakuuliza, alihukumu papo hapo: "Yaani umfanyie mzungu kazi ya bure, na nauli ya kurudi ujilipie?"

Ndivyo ilivyokuwa. Mzee wa Kiholanzi alikuwa ametia nanga hapa kwetu Kilifi. Mkewe alishachoka na mawimbi, karudi kwao kwa ndege, na mtu mmoja hawezi kukesha peke yake hadi Shelisheli, maili za bahari zaidi ya 900. Mimi alinijua kwa kumbebea madumu ya maji na dizeli. Siku ya kunihoji nilijiandaa kwa mafundo na matanga, maana nimekulia kwenye mashua. Hata hakugusia. Unavuta sigara? Unajua kupika? Pasipoti yako inaisha lini? Kisha akataka hela ya tiketi ya ndege ya kunirudisha ikae kwake kabla hatujang'oa nanga. Nahodha akikuingiza nchi ya watu, kukutoa ni juu yake.

Mama akaja na la maharamia. Mwaka 2009 Waingereza wawili, mke na mume, walitekwa wakitoka Shelisheli kuja Tanzania kwa boti ya tanga kama ile. Nikamweleza kuwa lile eneo la bahari ambalo wenye meli walikuwa wamelitangaza kuwa la hatari ya maharamia, walishalifuta tangu Januari 2023.

"Na maharamia wameambiwa?"

Tuliondoka mwishoni mwa Machi, kaskazi ikiishia. Nilitapika, nikapona, nikapika maharagwe mpaka mzee akaomba viazi. Zamu zilikuwa za saa tatu tatu.

Usiku mmoja, kama saa nane, nimeshika usukani, mzee kalala chini. Mbele ikatokea taa nyeupe. Halafu zikawa mbili, moja juu ya nyingine, zimenyooka kama zimetundikwa kamba moja. Chini yake nyekundu na kijani, zote mbili kwa pamoja. Meli hubeba nyekundu ubavu wa kushoto, kijani wa kulia. Ukiziona zote, ujue imekuelekezea pua. Nikatazama dira, nikatazama tena taa. Hazikusogea kushoto wala kulia, zilikua tu. Kanuni zinasema mwenye injini ampishe mwenye tanga, lakini kule juu nani yuko macho atukumbuke? Nikagonga mbao kwa kisigino, mara mbili, tatu.

Mzee alitoka na chupi, miwani mkononi. Akatazama muda ambao mimi niliuona mrefu mno, akanionyesha kulia kwa kidole. Nikageuza usukani, yeye akalegeza kamba ya tanga. Kijani ikafichika. Ikabaki nyekundu peke yake, ikapita upande wetu wa kushoto na mngurumo niliousikia kifuani kabla ya masikioni, kisha mawimbi yake yakaja yakatutikisa sufuria zote. Mzee akasema "vizuri" na kurudi kulala. Mimi magoti yalikuwa na habari zao.

Bandarini Victoria, mji mkuu wa Shelisheli, ofisa aligonga muhuri, akaulizia tiketi, nikaonyesha. Niliomba kuendelea mashariki. Mzee akanikalisha tukahesabu bandari moja baada ya nyingine: hapa viza, hapa viza, hapa wakinikataa gharama ni yake. Alisema kwa upole, tena alikuwa na haki, na bado iliniuma. Wiki hiyohiyo akampata binti wa Kifaransa ambaye hajawahi kushika usukani.

Aliniandikia barua. Inasema naweza kuachiwa zamu ya usiku peke yangu. Ninayo, na hadi sasa hajatokea nahodha wa kuisoma.