"Amelala" siyo "She has slept"

Jana usiku mdogo wangu aliyeko Mwanga, Kigoma, kanitumia picha ya ukurasa wa daftari lake. Amejiunga na kozi ya Kiingereza ya mtaani, miezi miwili, kalipa laki mbili na elfu thelathini. Walioko nyumbani mnajua hiyo ni hela ya nini. Juu ya ukurasa mwalimu kawaandikia "I am knowing, you are knowing, he is knowing", kapiga mstari kwa rula, na chini yake kawachorea jedwali la nyakati kumi na mbili, zote siku moja. Nimetoka zamu, nimekaa kitandani na ile picha mpaka chai ikapoa.

Jamani, Mwingereza hasemi "I am knowing". Hasemi "I am having two children" wala "I am needing money". Kujua, kuhitaji, kuamini, kuwa na kitu: hivyo havibebi "ing". "I am having lunch" ni sawa, kwa kuwa hapo maana yake ni kula, si kumiliki. Na sisi watu wa Kigoma mfano tunao mlangoni. Mwaka 1871, pale Ujiji, mwandishi wa habari Stanley alipomkuta mmisionari Livingstone aliandika kuwa alimwambia "Dr Livingstone, I presume?" Ule mnara tumeupita tangu utotoni. Kudhani ni jambo la kichwani, kwa hiyo ni "I presume", basi, siyo "I am presuming". Mwalimu angewapeleka watoto pale kwa bajaji wangelishika somo hilo maisha yao yote.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hakuna anayewaambia makosa yetu yanatoka wapi. Mimi nililipia kujua hilo kwa machozi.

Nilisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kidato cha kwanza karibu kila somo likageuka Kiingereza, nikakariri "go, went, gone" mpaka nikamaliza. Nilipofika Leeds, huku Uingereza, nikaanza kazi kwenye makao ya wazee. Usiku mmoja nilikuwa na bibi wa miaka tisini na moja ambaye tunapaswa kumwangalia kila saa na kuandika kwenye tableti. Saa saba usiku nikaingia taratibu, nikamgeuza upande, nikamfunika. Amelala. Nikaandika "She has slept". Saa nane, "She has slept". Saa tisa, hivyohivyo.

Asubuhi nesi akasoma, akaelewa kile Kiingereza kinachosema: bibi alishalala, usingizi umekwisha, yuko macho. Sasa mbona saa tisa hakupewa maji? Mbona hakupelekwa chooni? Meneja akaniita, mbele ya wenzangu wawili akaniuliza kama huwa naingia chumbani kweli au najaza tu. Halafu akasema, "Can you actually speak English?" Mimi niliyemgeuza yule bibi usiku kucha na kumpangusa mdomo! Nilikwenda stoo ya mashuka nikalia.

Aliyenifuata kule ni mama mmoja wa Ireland, mfanyakazi wa siku nyingi. Hapa kila mtu anamwita kwa jina lake tupu, hata watoto wa miaka ishirini. Mimi ulimi ulikataa, namwita Mama mpaka leo na amezoea. Akachukua boksi la glavu lililokwisha, akalichana, akaandika kwa kalamu ya wino wa bluu: "She is asleep". Akachora mshale: sasa hivi. Chini yake, "She slept from one to five". Mshale: yamekwisha, na saa zake. Chini kabisa, "She has slept well". Mshale: asubuhi, unapotoa habari za usiku ulioisha. Kile kipande cha boksi nimekibandika ndani ya mlango wa kabati langu la kazini.

Akaniambia kwao watu husema "I'm after eating", maana yake nimetoka kula, na kwamba hiyo imeingia kwenye Kiingereza chao kutoka lugha yao ya Kiairishi. Naye alipohamia Uingereza walimcheka. Hakuna aliyewahi kunifundisha kwa upole namna ile, na hapakuwa na ada.

Ndipo nikaiona "-me-" yetu ilivyo. Amelala, amekaa, amesimama, amevaa koti, nimechoka: sisi tunasema hali aliyonayo mtu sasa. Kiingereza hapo kinataka "is asleep", "is sitting", "is standing", "is wearing", "I am tired". Lakini nimekula, nimeosha, nimempa dawa, hizo ndizo "have" zao: "I have given her the medicine". Na ukitaja jana, hiyo "have" inaondoka. Sisi tunasema "nimefika jana" na hakuna anayeshtuka. Wao ni "I arrived yesterday" tu. Kwa muda unaoendelea hadi leo inarudi: "I have been here since 2021", siyo "I am here since 2021".

Na hili la "I did not went" ambalo nalisikia hata kwa wasomi wetu. Tazama "sikuenda". Ile "-ku-" imeshabeba wakati uliopita, "enda" limebaki lilivyo. "Did" ndiyo "-ku-" yao. "I did not go". Ukiliona hivyo hutalikosea tena. Ile "s" ya "she takes" pia, ichukulie kama "a" ya "anachukua": sisi tunaiweka mbele, wao nyuma, na bila hiyo sentensi inakosa mwenyewe.

Mnaotaka kuja, sikieni na hili kabla hamjampa wakala hata shilingi. Viza ya wahudumu wa wazee kwa waombaji wapya walioko nje ya Uingereza imefungwa tangu tarehe 22 Julai 2025. Anayekuuzia nafasi ya kutunza wazee huku leo anakuibia. Uza samaki wako wa migebuka, tunza hela yako, soma lugha kwa ajili ya njia nyingine halali.

Mdogo wangu nimemwambia jedwali aliache kwanza. Kila jioni aniandikie sentensi tano za kweli za siku yake, nami nitazisahihisha nikitoka kazini, bila malipo. Leo kaanza:

"I went to Kibirizi at five in the morning. I bought dagaa. I did not sell everything. Mama is asleep. She has not eaten since yesterday."

Zote tano ziko sawa. Sikumjibu. Nimepiga simu nyumbani hapohapo, naita mara ya tatu sasa.