Basi la upepo: valvu tatu, sio nne

Jamani hii tabia ya kufunga valvu ya levo, ile inayojaza au kutoa upepo ili gari likae kwenye kimo chake, kila kona ya basi la upepo, yaani basi linalobebwa na mabegi ya mpira yenye upepo badala ya springi, naiona sana siku hizi na inaniuma, maana mtu anaingia gharama halafu gari linatoka bovu kuliko lilivyokuja. Mabasi mengi ya upepo yanatoka kiwandani na valvu tatu, moja mbele na mbili nyuma, kushoto na kulia, na sio kwamba walibana hela. Kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi hata sakafu ikiwa mbovu, ukiongeza ya nne zinaanza kugombana, hii inajaza ile inatoa, kompresa haipumziki na gari linalala upande.

Afu valvu yenyewe inafungwa kwenye chesisi, mkono wake ndo unashikana na kile kifimbo kinachoshuka hadi kwenye ekseli. Abiria wakipanda chesisi inashuka, mkono unanyanyuka, upepo unaingia kwenye mabegi, wakishuka unatoka. Gari likiwa kwenye kimo chake mkono ulale sawa na kifimbo kisimame wima, na tundu la kutolea upepo litazame chini, likitazama juu tope na maji yote yanaingia humo.

Ila ambacho sikubali kabisa kirukwe ni ile valvu ya kulinda presha, inakaa kati ya tenki la upepo na laini ya mabegi, begi likipasuka pale kwenye mteremko wa mlima Kitonga inafunga njia ili breki zibaki na upepo. Fundi akikwambia iondoe tu haina kazi, ondoka na gari lako.