Kompresa ya Uani: Nilivyoacha Kudanganywa na Tenki

Kila fundi niliyemuuliza ninunue kompresa gani, ile mashine ya kushindilia upepo wa kupulizia rangi, alinijibu vilevile: "Chukua yenye tenki kubwa, utanishukuru." Sijamshukuru hata mmoja.

Natengeneza samani uani kwangu, Tabata, jioni nikitoka kazini. Kompresa ya kwanza ilikuwa ile ndogo ya lita 24, laki tatu kasoro, na kazi yake ya kwanza ikawa kabati la shemeji. Mlango mmoja ulitoka kama kioo. Nilipofika katikati ya wa pili, bunduki ya rangi ikaanza kukohoa na kutema matone. Nikangoja tenki lijae. Niliporudi rangi ilikuwa imeshaanza kushika, nami kwa kiherehere nikapuliza juu yake. Ikawa ganda la chungwa tupu. Shemeji akaupapasa mlango, akauliza, "Hili ni pambo, shemeji?" Nikasema ndiyo.

Nikaiuza kwa hasara, nikaazima ya jirani ya lita 50. Yaleyale, ila kikohozi kilichelewa kidogo. Hapo ndipo nilipotulia nikasoma karatasi ya bunduki yangu: inakula kama lita 180 za upepo kwa dakika. Kompresa ya jirani imeandikwa 200. Sasa mbona haitoshi? Kumbe hiyo 200 ni hewa ambayo pistoni inaimeza, siyo inayofika kwenye tenki.

Nikaenda Kariakoo na simu mkononi. Nilimwomba muuzaji achukue kompresa kama ile ya jirani, afungue koki ya chini upepo wote uishe, afunge, awashe, nami nikabonyeza saa. Tenki la lita 50 likijaa mpaka geji isome bar 8 (bar moja ni kama presha ya hewa inayotuzunguka), limemeza lita 400 za hewa ya kawaida: 50 mara 8, basi. Ilichukua dakika 4. Yaani lita 100 kwa dakika, nusu ya lebo! Tena presha ikishapanda, inatoa pungufu ya hapo. Muuzaji akaniuliza, "Bosi, umekuja kununua au kukagua?" Nikahama duka. La tatu nilimkuta kijana aliyenogewa na mchezo. Akawa anawasha mashine moja baada ya nyingine na kutangaza dakika kama mpira wa redioni.

Iliyoshinda ni ya mkanda, yaani mota inazungusha pampu kwa mkanda, nguvu za farasi (HP) 3, tenki lita 100: lita 800 kwa dakika 4 kasoro, yaani zaidi ya 200 kwa dakika, na bunduki yangu inataka 180. Bei milioni na kitu, na hicho kitu mke wangu hajakijua.

Nyumbani ikagoma. Inanguruma tu, haizunguki. Nikaanza kumlaani yule kijana, kumbe ni ekstensheni yangu nyembamba ya mita 20, umeme ukifika mwisho umechoka. Nikaichomeka kwenye soketi ya ukutani, nikarefusha mpira wa upepo badala ya waya. Ikawaka mara moja.

Na kwa joto hili la Dar, fungueni koki ya chini kila jioni. Mimi hutoa maji ya kujaza kikombe, na maji hayo yakipita kwenye rangi huacha vidoa kama macho ya samaki. Kichujio cha maji nimefunga karibu na bunduki, siyo kwenye tenki, maana upepo ukipoa njiani hutoa maji mengine.

Shemeji ameagiza kitanda. Anataka pambo lilelile, na sijui nitalipataje tena.