Ujumbe wa Balikuddembe kwa Kabaka

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Andiko letu la wiki hii ni 1 Petro 3:15: "Bali mtakaseni Kristo Bwana mioyoni mwenu. Mwe tayari siku zote kumjibu kila mtu awaulizaye habari za tumaini lililo ndani yenu. Lakini kwa upole na kwa hofu." Wengi tunalijua kwa moyo, ila tukilinukuu tunaishia kwenye "tumaini lililo ndani yenu". Upole na hofu tunawaachia wazee wa kanisa.

Angalia ni nani anaanzisha mazungumzo hapo. Ni yule anayeuliza. Petro anawaandikia waumini waliotawanyika Ponto, Galatia, Kapadokia, Asia na Bithinia, watu wachache waliokuwa wakisingiziwa na majirani zao. Mwanzoni mwa sura hii ametoka kuongea na mke mwenye mume asiyeamini, na sura iliyotangulia ameongea na mtumwa anayepigwa bila kosa. Hao hawana jukwaa wala kipaza sauti. Wana mwenendo wao tu, na Petro ana hakika kwamba ipo siku mtu atauona na kuuliza: wewe nguvu ya kuishi hivi unaipata wapi? Siku hiyo uwe na la kumjibu. Kwa hiyo kabla hatujajifunza hoja, kila mmoja ajiulize kama tangu mwaka uanze kuna mtu aliyemuuliza chochote.

Hoja nazo zinatakiwa. Wapo wapendwa wanaosema imani haitaki maelezo, mtu aamini tu. Mimi sikubaliani nao. Kule Athene Paulo alihojiana na watu katika sinagogi, na sokoni kila siku na wale aliokutana nao. Vijana wetu wa bodaboda wanauliza maswali mazito kuliko yale tunayoyajibu mimbarani, na ninalolisikia zaidi pale steji ni hili: dini hii si Wazungu walituletea ili watutawale?

Tulijibu bila hasira na bila kuficha kitu. Wamisionari Waingereza walifika kwa Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, mwaka 1877, Wafaransa wakafuata 1879. Hilo halina ubishi. Lakini kabla yao, mpelelezi Stanley alipoondoka Buganda mwaka 1875, aliyebaki ikulu akimsomea Kabaka Maandiko na kumtafsiria alikuwa kijana Mwafrika aliyesomeshwa Unguja, Dallington Muftaa. Hata wamisionari walipofika, mwanzoni walihojiana na Kabaka kwa Kiswahili, lugha hii hii tunayosali nayo. Mashahidi wa Namugongo, vijana Wakristo waliouawa kwa amri ya Kabaka Mwanga, walichomwa moto Juni 3, 1886. Uingereza ilitangaza himaya yake juu ya nchi hii ya Uganda mwaka 1894. Wale vijana walipokufa, serikali ya Mzungu haikuwepo hapa hata wawe wanaifia. Na ukitaka kurudi nyuma zaidi, mfalme Ezana wa Aksum, kule Ethiopia, alimkiri Kristo katika karne ya 4. Mtawa Augustino alipofika Canterbury mwaka 597 kuwahubiria Waingereza, Waethiopia walikuwa wameshakuwa na kanisa kwa zaidi ya miaka 200. Hapo kijana wa boda kwa kawaida anacheka, na ni haki yake kucheka.

Ukiishia hapo, hata hivyo, umesema nusu. Mwaka 1892 Wakatoliki na Waprotestanti, waliokuwa wakiitwa Wafransa na Wangereza, walipigana kwa bunduki pale Mengo, na Lugard, ofisa Mwingereza, aliwapa silaha Waprotestanti. Mwingine atakukumbusha Kanungu, Machi 17, 2000, mamia ya watu walipoteketea ndani ya jengo la ibada kwa sababu ya viongozi waliojidai kurejesha Amri Kumi. Usikimbilie kusema "wale hawakuwa Wakristo wa kweli" kabla hujasikitika pamoja naye. Kati ya wanaouliza, wengine walipoteza ndugu. Kristo hajatuomba tumtetee kila aliyelibeba jina lake, na anayemuuzia mjane chupa ya maji ya baraka kwa bei ya karo ya mtoto atajieleza mwenyewe siku ile. Sisi tunaulizwa habari za tumaini letu, na tumaini letu lina jina na lina tarehe.

Maana kiini cha jibu letu ni tukio. Yesu wa Nazareti alisulubiwa chini ya Pontio Pilato, jambo ambalo hata Tacitus, Mrumi asiyewapenda Wakristo kabisa, aliliandika. Siku ya tatu alifufuka. Paulo aliwaandikia Wakorintho habari hiyo miaka 25 hivi tu baada ya msalaba, akawataja walioona: Kefa, wale Thenashara, ndugu zaidi ya 500 kwa pamoja, akaongeza kwamba walio wengi kati yao wangali hai. Ni kama kusema, nenda kawaulize. Halafu anamtaja Yakobo. Huyu nampenda sana katika habari hii. Yohana 7:5 inasema ndugu zake Yesu hawakumwamini, na wewe fikiri, ni kitu gani kitamfanya mtu amwite kaka yake Bwana, yule aliyekua naye nyumba moja, wakila sahani moja? Yakobo alimwona baada ya kaburi, akawa kiongozi wa kanisa la Yerusalemu. Na wa kwanza kutumwa na habari hizi walikuwa wanawake, ambao ushahidi wao katika jamii ile haukupewa uzito. Mtu anayetunga hadithi ili aaminiwe hawezi kuanza na mashahidi wa namna hiyo. Hata mitume waliwasikia wakaona ni upuzi (Luka 24:11).

Hayo tuyajue, tuyashike. Sasa nije kwenye lile linalonisumbua.

Tumekuwa hodari wa kushinda mihadhara, ile mijadala ya dini ya hadharani. Pale soko la Owino, Kampala, kuna mama mmoja Mwislamu anayeuza mashati ya watoto, mtumba, tunamwita Hajati. Siku moja alimuuliza kijana wetu mmoja, kwa nia njema kabisa, "Nyinyi mnasema Mungu ana mwana. Alimzaa na nani?" Kijana akafungua Biblia, akafungua na Kurani ya tafsiri aliyotembea nayo kwenye mkoba, sauti ikapanda, watu wakajaa. Kwa hesabu ya mihadhara alishinda. Hajati alikuwa akikunja mashati yake moja moja, kola juu, mikono nyuma, bila kuinua macho, na alipomaliza rundo akaanza kulikunjua akalikunja upya. Dada mmoja wa kwaya yetu akachuchumaa karibu naye, akachukua shati akawa anamsaidia. Umati ulipotawanyika akamwambia kwa sauti ya kawaida, "Hajati, hatusemi Mungu alioa. Hapana, hasha. Tunasema yule aliyekuwa na Baba tangu milele alizaliwa na Mariamu kwa uwezo wa Roho, bila mume, ili aje kwetu. Ukitaka nitakusomea Luka palipoandikwa hivyo." Hajati akasema, "Nisomee kesho, leo nina wateja." Na kesho yake alisomewa.

Sisemi kwamba Hajati ameokoka. Yuko vile vile na mashati yake, na anauliza mengine. Ninachosema ni kwamba yule dada alimwachia mtu nafasi ya kujibu, na kijana wetu alimwachia nafasi ya kunyamaza tu. Hoja zake nyingine zilikuwa sahihi, lakini Hajati hakualikwa popote.

Soko lile, kwa jina lake rasmi, ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe. Tunapita pale kila siku tukitafuta suruali na viatu na kusahau kwamba tunalitaja jina la mtu aliyejua kujibu. Yosefu Mukasa Balikuddembe alikuwa mtumishi mkubwa katika ikulu ya Kabaka Mwanga, kijana wa miaka 25 hivi. Oktoba 1885 Askofu Hannington aliuawa Busoga kwa amri ya Mwanga. Hannington alikuwa Mwanglikana, Balikuddembe Mkatoliki, na siku zile watu wa pande hizo mbili hawakuwa wakipendana sana. Bado Balikuddembe ndiye aliyemwendea Kabaka akamwambia kwamba damu ile haikustahili kumwagwa. Alikuwa pia akiwakinga vijana wa ikulu wasichafuliwe na Kabaka. Novemba 15, 1885, akauawa Nakivubo, hapo hapo jirani na soko.

Kabla ya kufa alimwagiza Mukajanga, mkuu wa wauaji, apeleke ujumbe kwa Mwanga. Ujumbe wenyewe, kama ulivyohifadhiwa na kanisa, unasema hivi kwa kifupi: umenihukumu bila haki, nimekusamehe kwa moyo wangu wote, lakini tubu, maana usipotubu nitakushtaki mbele za Mungu. Kwanza anautetea ukweli wake, hasemi "yaishe" ili aonekane mpole. Halafu anamsamehe, na hapo upole wa Petro unaonekana bila kuutafuta. Mwisho anamwalika. Mtu anakwenda kufa na bado anamwachia muuaji wake mlango wa toba, tena kwa kumtaja na kumwambia la kufanya. Hakuna aliyemlazimisha Mwanga, na wala Mwanga hakukubali siku ile. Miezi saba baadaye alijaza kuni Namugongo.

Historia yake iliendelea. Alipinduliwa mwaka 1888, akarudi mwaka uliofuata akisaidiwa na Wakristo, ndugu za wale aliowachoma. Baadaye akapigana na Waingereza, akakamatwa 1899, akapelekwa visiwa vya Shelisheli. Huko uhamishoni alibatizwa, akaitwa Danieli, na akafa mwaka 1903. Yaliyokuwa moyoni mwake anayajua Mungu, nami simwandikii hukumu. Ila ukisoma ule ujumbe wa Nakivubo ukijua kwamba aliyetumiwa aliishia kwenye maji ya ubatizo, huwezi kusema mwaliko ule ulipotea kwa sababu haukujibiwa papo hapo.

Paulo naye mbele ya Agripa, katika Matendo 26, anajitetea kwa adabu, halafu anamgeukia mfalme ana kwa ana: je, unawaamini manabii? Kujitetea kwake kumefika kwenye swali kwa yule anayemsikiliza. Agripa anakwepa, na Paulo hamfuati mlangoni. Kule Athene wengine walidhihaki, wengine wakasema watamsikiliza tena, wachache wakaamini, Dionisio na mwanamke aitwaye Damari wakiwa miongoni mwao. Makundi yote matatu yameandikwa. Luka hakuona aibu kuwataja waliosema "baadaye".

Wiki hii basi naomba kila mmoja achague mtu mmoja ambaye amewahi kumuuliza jambo la imani, amrudie. Kama mlimjibu kwa ukali, mwende pamoja na mwenzako mwenye ulimi laini. Msikilizeni kwanza. Kama ni Mwislamu, mheshimuni mbele ya watoto wake. Kama ni mzee, mpeni shikamoo yake na muda wake. Mkishajibu, msiogope kumuuliza: na wewe, unasema Yesu ni nani?

Na wewe unayesoma haya kwa sababu rafiki amekutumia, nisingekutendea haki nikimaliza bila kukuuliza hilo hilo. Mimi naamini Yesu alikufa kwa ajili ya dhambi zangu na zako, akafufuka, na anampokea kila anayetubu na kumwamini. Unaweza kumwambia hayo hapo ulipo, kwa Kiswahili, kwa Luganda, kwa Lukonzo, kwa lugha yoyote mama yako aliyokubembeleza nayo. Ukimwambia, tafadhali mjulishe huyo aliyekutumia, atakuja mkae naye. Kama jibu lako ni hapana, au ni bado, mwambie hivyo hivyo. Jumatano jioni tunakutana kama kawaida, nusu ya kwanza ni ya maswali, na mwenye swali gumu ndiye anayemiminiwa chai kwanza.