Wiki ya Baridi Newala: Alhamisi ya Bibi Shamba

Saa 10:30 alfajiri

Bati linadondosha maji na mvua hakuna. Ni ukungu umelala juu ya paa usiku kucha, sasa unateremka tone kwa tone. Tangu Jumatatu tunaamka hivi. Simu inaonyesha nyuzi 16, na upepo ukipenya chini ya mlango unahisi ni chini ya hapo.

Watu wa mbali wakisikia Mtwara wanafikiria pwani ya Shangani na Mikindani, jasho na pweza. Huku Newala tuko juu ya uwanda wa Makonde, zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 1,000 hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6. Ongeza upepo wa kusi wa Julai unaotoka upande wa kusini mashariki wakati nchi za huko ziko katikati ya kipupwe, ndipo utaelewa kwa nini mgeni akilala usiku mmoja tu, asubuhi anauliza mitumba inauzwa wapi.

Nachemsha chai ya tangawizi. Sweta mbili, koti la mvua, soksi za mpira wa miguu, buti. Sitaki kukaa jikoni muda mrefu, maana moto wa saa hizi ukiuzoea hutoki.

Saa 11:20 alfajiri

Pikipiki inawaka kwa taabu, lakini inawaka. Kijiweni vijana wa bodaboda wamewasha moto wa maboksi, wamejikunyata kuuzunguka. "Bibi shamba, leo tena?" Ndivyo wanavyoniita mimi afisa kilimo wao. Leo tena. Ukungu ni mzito kiasi kwamba taa ya pikipiki inarudi usoni mwangu. Naenda polepole, nikifuata ukingo wa barabara.

Saa 11:50 alfajiri

Hii ndiyo saa yangu, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

Wiki ya baridi kama hii inamvuta mkulima abaki kitandani. Namwelewa kabisa. Lakini salfa ya unga, dawa ya kukinga mikorosho na ugonjwa wa ubwiri unga, inapulizwa alfajiri kwa sababu mbili. Ya kwanza ni umande: unga unashika kwenye jani na kwenye shada la maua likiwa na unyevu kidogo. Ya pili ni upepo: kusi hutulia usiku na alfajiri, halafu jua likipanda nalo linainuka. Ukipuliza saa nne asubuhi, salfa yako inakwenda kwa jirani au inakwenda angani. Kwa hiyo saa ambazo baridi inauma zaidi ndizo saa ambazo kazi inafanyika vizuri zaidi, na hakuna namna ya kulizunguka hilo.

Nimewakuta vijana watatu na baba yao tayari wako shambani, tochi zimefungwa kichwani. Shamba lina mikorosho ya zamani, mirefu, matawi yamekutana. Nasalimia kwanza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama. Umelala salama na hali hii?"

"Salama. Nyumbani hawajambo?"

"Wazima, ila hawa watoto wanatetemeka tu."

Bomba la kupulizia, la kubeba mgongoni, linagoma. Kijana anavuta kamba, anavuta, anapumzika, anaanza kutukana chinichini kwa Kimakonde. Namwambia afunge choki, atoe plagi aifute kwa kitambaa kikavu. Injini za petroli ya kuchanganya na oili hazipendi unyevu huu. Likawaka, moshi ukajaa chini ya miti.

Kisha vazi. Hapa sibembelezi. Barakoa, miwani, mikono mirefu, kofia. Salfa ikiingia machoni inawasha siku nzima, na maji ya kunawa huku ni ya kutafuta: uwanda huu hauna mito, maji ya bomba yanasukumwa kutoka bondeni Kitangari, na nyumba nyingi bado zinategemea visima vya kukinga mvua ya masika. Kijana mdogo anasema barakoa inamsaidia pia kuona joto usoni. Sababu yoyote ya kuivaa ni njema kwangu.

Wanaanza. Wingu la njano linapanda katikati ya matawi na, kwa kuwa hewa imetulia, linabaki humo humo. Kipimo cha mti mkubwa ni gramu 250 kwa mzunguko mmoja, na mzunguko unarudiwa baada ya siku 14. Mzee ana kopo lake alilolipima kwenye mizani ya dukani, amelitia alama kwa msumari. Ningependa kila mkulima wa kata hii awe na kopo kama hilo.

Saa 1:15 asubuhi

Kumepambazuka, ila jua lenyewe halionekani. Sasa naweza kukagua.

Navuta tawi la chini. Majani machanga ya rangi ya kahawia nyekundu yamechipua vizuri, na kwenye ncha kuna shada la maua linaanza kufunguka. Juu ya shada, vumbi jeupe, mfano wa unga wa sembe uliopeperuka. Hilo ndilo ubwiri unga. Ni ugonjwa wa kuvu, mbegu zake husafiri na upepo, na kinyume na magonjwa mengi ya kuvu hauhitaji jani lilowe maji. Unyevu wa hewa na ubaridi wa usiku vinautosha. Ukishika ua, ua linakauka na kudondoka kabla halijafunga tunda. Mkorosho unaweza kubaki wa kijani, mkubwa, unapendeza machoni, na usikupe hata kilo.

Mzee anakumbuka ulivyoingia. Uliripotiwa nchini mwaka 1979, yeye akiwa kijana. Anasema walidhani ni vumbi la barabarani. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho. Kufikia 1986/87 zilikuwa chini ya 20,000. Ubwiri unga haukufanya yote hayo peke yake. Watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa wakaacha mashamba mbali, na bei ilikuwa ya kukatisha tamaa. Lakini waliokuwepo wanajua ulivyochangia. Kituo cha utafiti cha Naliendele, pale nje ya Mtwara mjini, kimefanya kazi kubwa ya kutafuta dawa na miche inayovumilia, na nikiona korosho zimerudi kulipa ada za shule za watoto wa huku naikumbuka kazi hiyo.

Mzee ana swali, na ni swali nitakaloulizwa mpaka usiku. "Tulipuliza upande ule Jumanne. Jana yameshuka manyunyu. Turudie?"

Tunakwenda pamoja kuangalia. Nasugua jani kwa kidole gumba: unga wa njano bado upo, hasa chini ya jani na ndani ya mashada. Manyunyu yameosha juu tu. Hapana, usirudie. Subiri siku zako 14. Kuna jambo jingine ninalomweleza polepole, kwa sababu ndilo linalowatia watu wasiwasi wiki ya namna hii: salfa inafanya kazi vizuri ikipata joto, inapotoa mvuke wake. Siku zisizo na jua inachelewa. Mkulima anaona vumbi jeupe bado lipo, anadhani dawa ni mbovu, anamwaga mara mbili. Jua likitoka, utaona kazi yake.

Saa 3:10 asubuhi

Kusi limeinuka. Majani yanageuka tumbo nje. Tunazima bomba, miti iliyobaki ni ya kesho. Mama wa nyumba ametuletea chai na ming'oko, viazi vya porini, ya kuchemsha, ya moto kabisa, na tunaishika mikononi kwanza kabla ya kuimenya.

Kabla ya kuondoka naonyesha machipukizi yaliyoota kwenye shina na chini ya mti. Haya yanatunza ugonjwa na kuupandisha juu, na yangeondolewa tangu Mei. Vijana wanachukua panga palepale. Hii ndiyo dawa isiyo na bei, na nasikitika kuona mashamba mengi yananunuliwa petroli huku machipukizi yamejaa chini.

Saa 4:45 asubuhi

Ghala la AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima. Kuandikisha, kuhesabu mifuko ya salfa ya kilo 25, kusaini. Nje wazee wamekaa ukutani upande usio na upepo, makoti yamefungwa hadi shingoni.

Saa 6:30 mchana

Nimepita kwa bibi mmoja anayeishi na wajukuu wawili. Shamba lake ni dogo. Nilitaka kumkumbusha zamu ya kijana anayempulizia. Mlango umefungwa, dirisha limezibwa kwa kitenge. Nabisha hodi, ananikaribisha, na ninapoingia nakutana na joto zito na harufu ya mkaa. Jiko liko katikati ya chumba. Pembeni ya jiko, hatua moja, mifuko miwili ya salfa, mmoja umefunguliwa.

Nilimwomba ruhusa kwanza. "Bibi, naomba nifungue dirisha, halafu nikueleze." Nikafungua. Nikatoa jiko barazani. Mjukuu mkubwa akanisaidia kubeba mifuko hadi kwenye banda la nyuma, juu ya mbao, mbali na chakula cha mbuzi.

Kisha nikakaa mkekani. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichozibwa unatoa hewa isiyo na harufu wala rangi, inayolaza mtu moja kwa moja. Na salfa inashika moto. Cheche moja ikidondokea mfuko ulio wazi inaungua na kutoa moshi unaokaba koo na kuchoma mapafu. Vyote viwili vilikuwa chumba kimoja na watoto wawili. Bibi alinyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, baridi ya usiku inaingia mpaka kwenye mifupa. Nifanyeje?"

Lazima nimjibu hilo pia, maana kumnyang'anya mtu moto na kuondoka si msaada. Tukakubaliana: jiko liwashwe barazani mpaka mkaa wote uwe mwekundu, wakae hapo nje wote wakiota hadi saa ya kulala, jiko libaki nje, na watoto walale naye kitanda kimoja. Nimeandika kwenye daftari kutafuta blanketi mnadani. Tangu hapo kila nyumba niliyopita naanza na swali la salfa na moto kabla ya swali la mikorosho.

Saa 8:20 mchana

Ugali wa muhogo na kisamvu, haraka, nimesimama.

Saa 9:30 alasiri

Kikundi cha akina mama. Makopa yao, muhogo wa kukausha, hayakauki wiki hii na baadhi yameanza ukungu. Yaliyoota ukungu wayatupe, yasisagwe na mazuri. Yaliyobaki yaanikwe juu ya kichanja, yasiguse ardhi, na yaingizwe ndani kabla ya saa kumi na moja. Karanga vivyo hivyo, kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu huo. Walisikiliza vizuri kuliko mkutano wowote wa mwezi huu.

Saa 11:30 jioni

Narudi kupitia Shimo la Mungu. Pale uwanda unakatika ghafla na bonde la Ruvuma liko chini, na Msumbiji ng'ambo. Nilisimama dakika chache kutazama hali ya hewa: mawingu yamepanda juu kidogo kuliko jana, na upande wa Msumbiji kuna mwanga.

Saa 2:15 usiku

Kwenye simu, ujumbe umejaa. Karibu wote wanauliza lile lile: manyunyu yamepita, tuongeze dawa? Nimejibu kwa sauti, maana wengine macho hayaoni maandishi madogo:

"Ndugu zangu, msiongeze kipimo. Gramu 250 kwa mti mkubwa, siku 14. Sugueni jani kwanza. Ukiona njano, acha. Kama mvua kubwa imeosha kabisa, nipigieni nije nione kabla hamjafungua mfuko. Kesho tuanze saa kumi na moja, kusi likiinuka tusimame. Na salfa isikae chumba chenye moto."

Mzee wa asubuhi amejibu wa kwanza. Miti iliyobaki wataimaliza kesho, na kopo lake ameshamwazima jirani.